Daftari la mauzo lipewe alama

Mhariri,

Kila muhula vyuo vya hapa Mombasa hukusanya marundo ya mipango ya biashara, ikasahihishwa, ikafungiwa kabatini. Mingi imenakiliwa. Utakuta duka la Kongowea ambalo, ukifika ukurasa wa tisa, limehamia Gikomba, Nairobi.

Sisi tunaofundisha somo la ujasiriamali twaomba nusu ya alama zitokane na daftari la mauzo ya kweli. Mwanafunzi aanze na shilingi 1,000, auze wiki nane, na asahihishwe kwa usahihi wa hesabu zake hata akila hasara.

Chukua mabuyu. Tuseme kilo moja ni shilingi 200 na sukari robo tatu kilo ni 120. Akipata vipakiti 50 vya shilingi kumi kumi, mwanafunzi huandika faida ya 180 na kufurahi. Hajaandika rangi, iliki na pilipili (40), gesi (30) wala vipakiti vyenyewe (40). Imebaki 70. Nauli ya kwenda Marikiti na kurudi ni 80, kwa hivyo kila kipakiti alichouza kimemtia hasara, naye hajui. Akipika kilo nne kwa safari hiyo hiyo moja, nauli inagawanyika na anabaki na 200. Hesabu hii haimkai mtu kichwani mpaka aione kwenye pesa zake mwenyewe.

Kuna na mambo ambayo ubao hauyafundishi. Shira ikipita kiwango, sukari inaungua na mabuyu yanakuwa machungu. Mvua za masika zikianza, unyevu unayagandanisha ndani ya pakiti, kwa hivyo yapoe na yakauke kabisa kabla ya kufungwa, na yapikwe kidogo kidogo.

Utafiti wa soko nao hufanywa ovyo. Ukimuuliza mtu "Je, utanunua?" atakuitikia kwa adabu tu, Mswahili hamvunji mtoto wa watu moyo. Muulize mara ya mwisho alinunua lini, wapi na kwa pesa ngapi. Wakijibu watu ishirini, picha inaanza kuonekana.

Lakini kinachoua biashara nyingi za wanafunzi ni kuwauzia wenzao wa hosteli kwa deni, na laini moja ya simu kwa kila kitu. "Nitakutumia jioni" zikifika kumi, mtaji umekwisha. Na pesa za mauzo zikiingia M-Pesa ile ile ya matumizi, zinaondoka na bando na chakula cha usiku. Awe na laini au till (nambari ya kupokea malipo) ya biashara peke yake, na daftari la safu nne: kilichoingia, kilichotoka, kinachodaiwa, kilichobaki. Lijazwe kila jioni. Atakayengoja Jumamosi atakisia.

Wenzetu watauliza nani atasoma madaftari 80. Si lazima yasomwe yote. Fungua siku moja yoyote, mwambie mwenyewe akueleze mistari mitatu, kisha linganisha na ujumbe wa malipo kwenye simu yake. Dakika tano zatosha. Daftari la uongo halijifichi: kalamu ni moja tangu mwanzo hadi mwisho, na wiki nane nzima hakuna siku hata moja mvua iliyozuia wateja.

Wakufunzi wa ujasiriamali,
Mombasa