Barua kwa Mwanaidi: nyimbo za siku ya uchungu

Kibokoni, Mombasa
Jumapili, baada ya alasiri

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Natumai wewe na huyo aliyemo tumboni mu wazima, na kwamba kiungulia kimepungua tangu ulipohamia kwa mama Likoni. Huku sote hatujambo, ila joto. Kaskazi imekwisha, mvua haijaja, na kuta za nyumba zetu za Mji wa Kale zinatoa jasho kama watu.

Jana uliniuliza kwenye simu nyimbo gani uweke kwa siku ya kujifungua. Nilianza kukujibu hapo hapo, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta. Sitaki nikupe majina matano ya nyimbo halafu yakuangushe saa ambayo huna nguvu ya kutafuta mengine. Kwa hiyo nimekaa barazani na kalamu, na wifi atakuletea barua hii kesho akivuka feri.

Wakati wa kumzaa Salma nilikusanya nyimbo sitini. Nilizipanga kama anayepanga harusi, hizi za mwanzo, hizi za katikati, hizi za kumpokea mtoto. Nyingi zilikuwa za mapenzi, zile tulizokuwa tukizisikiliza siku za uchumba, na mpaka leo nazipenda. Lakini uchungu ulipokaza, kila wimbo ulinijia na mambo yake. Huu ulinikumbusha siku tuliyogombana, ule ulinikumbusha marehemu baba, maana ndio uliokuwa ukipigwa redioni wiki aliyofariki. Nikawa na kazi mbili kwa pamoja, kuzaa na kukumbuka. Tena nilikuwa nasikiliza kwa intaneti. Uchungu uko juu kabisa, nimeshika chuma cha kitanda, meno nimeyauma, mara wimbo ukakatika na sauti ya mwanamume mchangamfu ikaanza kunitangazia mkopo wa haraka. Nililia, Mwanaidi. Maumivu nilikuwa nimeyavumilia mpaka hapo. Kilichoniliza ni kwamba kile kitu kimoja nilichokuwa nimekishikilia kiliniachia ghafla. Halafu mashangazi wakaanza kupiga simu, huyu akikata huyu anapiga, na kila simu inanyamazisha muziki. Muuguzi wa zamu akaniambia niuzime. Nikauzima, na kutoka hapo mpaka alfajiri nikabaki na kelele za wodi.

Nyimbo zenyewe hazikuwa na kosa. Nilizichagua kwa masikio ya siku ya kawaida, na siku ile mtu ana masikio mengine.

Mimba ya Yusuf nilimpata mkunga wa kliniki aliyekuwa na subira ya kueleza. Alinieleza kwamba uchungu unaendeshwa na homoni iitwayo oksitosini, na homoni hiyo hutoka vizuri mama akiwa ametulia, ana faragha, hana mtu wa kumtisha. Mtu akiogopa, mwili humwaga adrenalini, ile ile inayotufanya tumkimbie mbwa, na ikizidi mapema uchungu unaweza kulegea. Hofu hukaza misuli, misuli iliyokaza huuma zaidi, na maumivu yakizidi hofu nayo hupanda. Muziki hauondoi uchungu, usimsikilize atakayekuahidi hivyo. Ila unaipa pumzi mahali pa kuegemea, na pumzi ikitulia, mabega hushuka, na taya hulegea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018 wa huduma kwa mama anayejifungua, limeutaja muziki pamoja na kuvuta pumzi kati ya njia za kumpunguzia mama maumivu, kwa kadiri mwenyewe apendavyo. Mwongozo huo huo unapendekeza kila mama awe na mtu wake, aliyemchagua mwenyewe, karibu naye muda wote. Nakuandikia haya ili mtu akikwambia ni kujidekeza, uwe na la kumjibu.

Sasa muziki wenyewe. Uchungu wa mwanzo ni mrefu, hasa kwa mtoto wa kwanza. Unaweza kukaa nao saa nyingi, unakuja na kuondoka, kabla njia haijafunguka kufika sentimita tano na uchungu wenyewe kukolea. Wakati huo utakuwa bado nyumbani, na mama asiye na tatizo hushauriwa asimame na kutembea. Hapo weka chakacha. Nasema kweli. Mapigo yale yametengenezewa kiuno, na kiuno ndicho kitakachokuwa na kazi. Funga leso, shika ukingo wa meza ya mama, zungusha polepole kuliko ngoma inavyotaka. Mimi nilizunguka mpaka wifi akaingia na kibwebwe chake tukazunguka pamoja, na kila uchungu ulipokuja niliegemeza paji la uso begani mwake bila kusimamisha kiuno. Ukichoka, weka bango, ule muziki wa dansi wa kwetu pwani. Saksafoni ya Mzee Ngala ina mwendo wa mtu asiye na haraka, na ukiwa na saa sita mbele yako huo ndio mwendo unaoutaka.

Taarabu nataka tuizungumze vizuri, kwa sababu nakujua, utaitia. Marehemu Juma Bhalo hatoki moyoni mwangu, lakini leba usimpeleke. Mashairi yake mengi alitungiwa na binamu yake Ahmad Nassir, na ushairi ule unataka akili iliyo macho. Unasikia fumbo, unataka kulifumbua, unajiuliza nani anaambiwa na kwa kosa gani. Uchungu ukikaza, hiyo sehemu ya akili inayofumbua mafumbo unataka ilale kabisa. Msikilize arubaini yako, umelala na mtoto ubavuni, utamfaidi.

Lakini udi wa Zein l'Abdin, ile ala yake ya nyuzi, ni habari nyingine. Unajua pale kabla hajaanza kuimba, anapopapasa nyuzi peke yake, hakuna ngoma wala neno? Anapanda kidogo, anashuka, ananyamaza, anarudi pale pale kwa njia nyingine. Hakuambii kitu cha kufikiri. Kijana wa wifi alinikatia vipande kama hivyo kwenye programu ya simu, akaviunga mpaka vikafika dakika arobaini, na hivyo ndivyo vilivyonifikisha mbali. Nilivisikiliza kila usiku kuanzia wiki ya 34, taa imezimwa, nimelalia ubavu wa kushoto, natoa pumzi ndefu kuliko niliyoingiza. Baada ya siku kumi hivi, udi ukianza tu mabega yananishuka yenyewe. Hilo ndilo ninalotaka ulifanye kuanzia leo. Nyimbo utakazozisikia kwa mara ya kwanza siku ya kuzaa ni wageni, na siku hiyo si ya kupokea wageni. Naye mtoto anasikia. Tangu mwezi wa sita hivi masikio yake yanafanya kazi, na sauti nzito humfikia vizuri kuliko nyembamba, ila iliyo karibu naye kuliko zote ni yako wewe.

Mama atakwambia uweke Suratu Maryam. Mkubalie, na usiiweke kwa kumridhisha tu. Isome kwanza tafsiri yake ukiwa umetulia. Mimi nilikuwa nimeisikia maisha yangu yote, lakini nilipoisoma na tumbo la miezi minane ndipo nilipoona kwamba pale uchungu unapompeleka Maryam kwenye shina la mtende, anatamani lau angekufa kabla ya hayo, akasahaulika kabisa. Maneno hayo yameachwa pale, hayakufichwa, na hakukemewa kwa kuyasema. Anaambiwa asihuzunike, ana kijito chini yake, autikise mtende tende mbivu zimwangukie, ale na anywe. Nilipofika leba na ulimi wangu ukataka kusema maneno kama yale, sikujiona nimekosa imani. Chagua msomaji wa sauti ya chini, asiyevuta sana.

Na sasa nikuambie lililotokea kwa Yusuf, maana sikulipanga.

Udi ulinichukua mpaka karibu na mwisho. Kisikizi kilikuwa sikio moja tu, ili nimsikie mkunga, na wifi ameishika simu. Kisha ukaja uchungu wa namna nyingine, hauniachii nafasi, mmoja haujaisha wa pili unapanda, na ghafla udi ukaniudhi kama nzi. Nikakivuta kile kisikizi nikakitupa. Nilikuwa nimepiga magoti kitandani, mikono juu ya chuma cha kichwani, nayumba. Mbele, nyuma. Na kinywani mwangu, kwa sauti nzito ambayo sikuijua ni yangu, ikatoka: ba, bi, bu.

Unakumbuka chuoni, tulipokuwa tukifundishwa herufi za Kurani ukumbini kwa Bi Mwalimu? Ule mkeka wa ukindu uliokuwa ukituchora mapaja, tukiinuka tunahesabiana mistari? Wewe kulia kwangu, sote tunayumba, ba, bi, bu, ta, ti, tu, yeye na kifimbo chake anagonga sakafu. Sikuwa nimeufikiria wimbo ule kwa miaka ishirini. Sikujua hata kwamba ni wimbo. Lakini pumzi ilikuwa pale ndani yake, mstari mmoja pumzi moja, ndefu, kinywa wazi, na kiwiliwili kilikwishafundishwa kuyumba nao tangu nina miaka mitano. Wifi alinyamaza. Mkunga, mama mtu mzima wa huku huku kwetu, hakucheka. Alianza kugonga chuma cha kitanda kwa pete yake, taratibu, ta, ti, tu, kama kifimbo. Nilifika dali mara nyingi, nikaanza tena alifu. Kisha akasema, "Sasa sukuma, mwanangu," akaacha kugonga.

Kwa hiyo ukiniuliza nikuchagulie nyimbo, nitakuchagulia za saa za mwanzo kwa furaha. Ya saa ya mwisho iko kwako tayari, mahali ambapo mwili uliishika kabla akili haijaulizwa. Pengine ni hiyo hiyo ya chuo, pengine ni kasida ya maulidi, pengine ni ile sauti uliyokuwa ukiitoa ukitwanga na nyanya yako. Jaribu usiku, ukiwa peke yako. Sema taratibu, nzito, kwa kinywa kilicholegea, uone ipi inakuyumbisha bila kukusudia.

Mambo ya simu ni haya. Nyimbo ziwe ndani ya simu yenyewe, usitegemee bando. Iweke kwenye hali ya ndege, mashangazi wapige simu ya mama. Chukua betri ya akiba, na vile visikizi vyenye waya, havitakwisha chaji. Spika usiweke wodini, kuna wenzio wanne au watano kila mmoja na yake. Ukienda kliniki wiki hii uliza mapema kama wanaruhusu simu na mtu wa kukaa nawe, ili usianze kubishana mlangoni una uchungu. Huyo mtu mpe amri moja: ukisema zima, azime, asikuulize kwa nini.

Jingine, tafadhali lishike: muziki usikucheleweshe. Ninaijua chakacha, mtu anaweza kujisahau. Wanaokaa kisiwani huambiwa wangoje uchungu uje kila dakika tano, ukae dakika nzima, kwa muda wa saa moja. Wewe una feri mbele yako, na foleni ya feri haijui leba, kwa hiyo toka mapema kuliko hapo. Na chupa ikivunjika maji yakawa ya kijani, au ukaona damu, au mtoto akapunguza kucheza, au kichwa kikauma sana na macho yakaona ukungu, nyimbo ziache mezani uende saa hiyo hiyo, hata kama uchungu haujaanza.

Mtoto akitoka, zimeni kila kitu. Yusuf alilia kidogo, akawekwa kifuani mwangu na maji yake ya tumboni, na chumba kilikuwa kimya mpaka nikasikia feni. Baba yake alipoingia kumwadhinia sikio la kulia, aliadhini kwa sauti ndogo sana, karibu kunong'ona, na mtoto akaacha kulia akakunja uso kama anayesikiliza.

Alhamisi navuka mwenyewe, inshallah. Nakuja na ule udi wa dakika arobaini, visikizi vya ziada na tende za kutosha hadi siku yako. Tutakaa mkekani tujaribu, na kiuno nitakufundisha maana nakumbuka harusi ya dadako ulivyosimama kama mlingoti. Mwambie mama asinunue samaki, nitapitia sokoni mimi.

Wako wa tangu chuoni,
Bi Rukia