Zimebaki siku tisa za kukata rufaa, na baba bado hajui

Ndugu Mshauri,

Salaam. Mimi ni kijana wa miaka 22, mkazi wa Makorora jijini Tanga, na nimekuwa nikisoma shahada ya uhandisi wa ujenzi katika chuo kikuu kilichoko mkoa mwingine. Wiki iliyopita matokeo ya mitihani ya marudio, yaani sapu, yalitoka, na wastani wangu wa alama (GPA) wa mwaka wa kwanza ukasimama kwenye 1.8, ilhali chuoni kwetu asiyefikisha 2.0 baada ya sapu hufutiwa masomo. Wanafunzi tunaita kudisko. Barua niliyopewa inanipa siku 14 za kukata rufaa, na leo ninapoandika zimebaki tisa.

Kosa langu silifichi. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi ulilipia sehemu tu ya ada, kwa hiyo nikashika kazi ya kutoa fotokopi katika duka la steshenari hadi saa nne usiku, huku hisabati na mekanika nikizilaza kiporo mpaka wiki ya mtihani. Muhula wa pili nikaugua homa ya matumbo na kukosa majaribio mawili, na kwa kuwa majaribio hubeba alama 40 kati ya 100, niliingia chumba cha mtihani nikiwa nimekwisha kuzama. Kadi ya zahanati ninayo, wino umefifia lakini tarehe zinasomeka. Sikuipeleka kwa mlezi wa wanafunzi wakati ule kwa kuona haya kudhaniwa natafuta visingizio. Mwenzangu wa chumbani, aliyeugua mwezi huohuo, aliomba kuahirisha masomo, akaruhusiwa, na mwaka huu anarejea bila doa.

Nikikata rufaa, kadi hiyo ndiyo ushahidi wangu pekee, nao umechelewa. Hata nikikubaliwa kurudia mwaka, ada sijui itatoka wapi. Rafiki zangu wananishauri nijiunge na Chuo Kikuu Huria, ambacho kina kituo hapa Tanga na kinamruhusu mtu kusoma huku akifanya kazi, ila huko ningeanza fani nyingine kabisa. Shangazi yeye anasema niende VETA, chuo cha ufundi stadi, nikasomee umeme, niwe na ujuzi mkononi mapema. Mimi moyo wangu unaelemea stashahada ya ujenzi katika chuo kinachosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, kwa kuwa mwenye stashahada nzuri anaweza kuomba tena shahada baadaye, na kwa kuwa kazi yenyewe naipenda: siku tulipopelekwa kiwanjani kupima miinuko, nilibaki na vifaa mpaka mwalimu akaja kuvichukua. Vyovyote itakavyokuwa, deni la Bodi halifutwi pamoja na masomo. Litanisubiri, na nikiajiriwa nitakatwa asilimia 15 ya mshahara.

Linaloninyima usingizi hasa ni baba. Yeye ni mvuvi, na ili kujazia ada yangu aliuza injini ya boti yake. Sasa huondoka mwalo wa Deep Sea alfajiri kwa tanga, akitegemea upepo, na siku upepo unapokataa hurudi jua likiwa kali, samaki wameshalegea na wachuuzi wameshaondoka. Juzi, akiwa anashona wavu barazani, aliniuliza chuo kinafunguliwa lini ili aanze kuniwekea nauli. Nilimjibu kwamba tarehe bado hazijatangazwa. Mama alikuwa karibu, akanitazama, hakusema neno.

Naomba unishauri mambo mawili. Je, nitumie siku hizi tisa kuandika rufaa kwa kadi hiyo iliyochelewa, au niachane nayo nikaombe stashahada kabla madirisha ya maombi hayajafungwa? Na je, nimweleze baba sasa, nikiwa sina jibu lolote mkononi, au nisubiri uamuzi wa chuo, ingawa kila siku ninayonyamaza anaendelea kuweka akiba ya nauli ya safari ambayo huenda isiwepo?

Wako mtiifu,
Msomaji, Makorora, Tanga