Grisi na hozi ndivyo vinavyoua malori ya rimoti

Mhariri,

Likizo ya shule ikianza, ufuo wa Malindi hujaa malori madogo ya rimoti, yale ya magurudumu manene yanayoruka matuta ya mchanga. Baada ya wiki mbili tatu, mengi huwa yameshawekwa juu ya kabati: hayaendi, au yanaenda kwa kelele ya kukwaruza. Mwenye duka hulaumiwa kwa kuuza mali mbovu, mtoto hulaumiwa kwa kutojua kutunza. Mara nyingi wote wawili wanaonewa. Lori liliharibiwa na matunzo lililopewa lilipotoka ufuoni: lilipigwa maji ya hozi kwa nguvu, kisha likapakwa grisi kila palipoonekana chuma. Naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze kwa nini mambo hayo mawili ni mabaya, na lipi lifanywe badala yake.

Nianze na grisi, maana hapo ndipo penye madhara makubwa. Grisi ikipakwa mahali palipo wazi hunasa mchanga, na grisi yenye mchanga ni msasa. Punje ya mchanga kwa kawaida ni madini ya kwatsi, yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, ilhali chuma laini hufikia 4 au 5 tu. Katika malori mengi, gia kubwa inayozungushwa na mota ni ya nailoni, na ile ndogo iliyo kwenye shafti ya mota, yaani pinioni, ni ya chuma. Mtu angedhani nailoni ndiyo itakayoisha kwanza. Sivyo. Punje hujichomeka ndani ya nailoni kwa sababu ni laini, ikakaa humo, na kila mzunguko ikaikwangua pinioni. Meno ya pinioni iliyoliwa namna hiyo huchongoka na kuinamia upande mmoja mfano wa pezi la papa. Ukiyakuta hivyo, usibadilishe gia ya nailoni peke yake. Gia mpya ikikutana na pinioni iliyochongoka hailindwi na chochote, italiwa upesi. Zibadilishwe zote mbili kwa pamoja.

Kwa hiyo gia hizo mbili zilizo nje ziachwe kavu kabisa. Nailoni na chuma husuguana vizuri bila mafuta. Grisi ina mahali pake: ndani ya giaboksi na ndani ya difu (kasha la gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya kushoto na kulia), ambako kumefungwa. Hata huko, kiasi cha punje ya mbaazi kwa kila jozi ya gia kinatosha. Ukijaza, gia huisukuma grisi pembeni, mota hufanya kazi ya bure, na inayozidi hutafuta njia ya kutokea kwenye sili, yaani mpira wa kuziba. Ikishatoka, mchanga huifuata. Kama difu ni ya mafuta ya silikoni, yatiwe mpaka yafunike gia ndogo za ndani, pabaki nafasi kidogo juu, kwa sababu mafuta hutanuka yakipata joto. Viungo vya shafti zinazopeleka nguvu magurudumuni viko wazi, navyo vipakwe unga wa grafaiti au viachwe vikavu.

Mchanga wa kwetu una shida yake ya ziada. Mto Sabaki huleta udongo mwingi kutoka bara, ndiyo maana bahari ya Malindi hugeuka rangi ya kahawia, na ufuo wa hapa hadi Mambrui humetameta kwa mika, madini ya kung'aa. Humo mna pia chembe nyeusi zenye chuma. Buruta sumaku mchangani uone zinavyoning'inia kama ndevu. Mota ya lori ina sumaku ndani yake, basi chembe hizo huingia kupitia matundu ya hewa na hazitoki kwa kupulizwa. Dawa ni rahisi: kipande cha soksi nyembamba ya nailoni, ile ya wanawake, kivutwe juu ya mota yote na kufungwa kwa uzi. Hewa itapita, mchanga utabaki nje. Ila mota iliyovishwa hupoa polepole zaidi. Baada ya dakika 5 za mwanzo, simamisha lori uguse mota; ikiwa kidole hakivumilii sekunde 3, pumzisha.

Kifuniko cha gia kisitolewe hata kama mtoto anapenda kuona zikizunguka. Kichunguze pia. Vifuniko vingi vina tundu dogo la kupitishia bisibisi ya kukaza pinioni, na jiwe dogo la kupita hapo likinaswa katikati ya meno hung'oa meno matatu manne mara moja. Tundu hilo lizibwe kwa utepe mweusi wa mafundi umeme. Pale chasi inapofanana na beseni, mchanga hukusanyika chini na gia zenyewe huuchota. Kila betri inapobadilishwa, lori lipinduliwe na kugongwagongwa. Vikinga matope vinaweza kukatwa kutoka mtungi wa plastiki wa lita 5, vikalainishwa kwa maji ya moto ili vipinde, vikafungwa kwa zile kamba za plastiki za kufungia nyaya.

Ukiwa umefungua kifuniko, pima nafasi ya meno. Kata ukanda wa karatasi ya daftari, upitishe katikati ya pinioni na gia kubwa, sukuma mota mpaka meno yaume karatasi, kaza skrubu za mota, kisha zungusha karatasi itoke. Inatakiwa itoke na mikunjo ya meno bila kuchanika. Ikichanika, gia zimebanana mno na zitapata moto. Ikitoka karibu nyoofu, zimeachana na meno yatarukana. Rudia kipimo upande wa pili wa gia, kwa kuwa gia ya plastiki haiwi duara kamili.

Kuna uchafu mwingine ambao hauonekani mpaka gurudumu litolewe. Nyuzi za makumbi, mwani, mishipi ya wavuvi na nyuzi za nyavu hujiviringa kwenye ekseli nyuma ya gurudumu. Mshipi ni mbaya kuliko vyote: husuguana, hupata joto, huyeyuka na kukata sili ya beringi. Nati ya gurudumu katika malori mengi ya kipimo cha 1/10 (sehemu moja ya kumi ya gari halisi) hufunguliwa kwa spana namba 7. Nyuma ya gurudumu kuna kitovu cha pembe sita, na nyuma yake pini ndogo sana. Shika kitambaa chini yake isije ikaangukia mchangani, kwani bila pini hiyo gurudumu halizunguki. Kata nyuzi kwa wembe, usizivute.

Sasa kusafisha. Mchanga mkavu utolewe mkavu, kwa brashi ya rangi au mswaki wa zamani. Hewa ya kompresa ya mafundi wa pancha inafaa, mradi isielekezwe kwenye beringi na sili, la sivyo unausukuma uchafu ndani kwa nguvu. Hozi hufanya vivyo hivyo, tena pamoja na maji. Lakini lori likiingia maji ya bahari, chumvi haipigwi brashi ikatoka. Toa betri, mimina maji ya bomba taratibu kwa kikombe mpaka chumvi iishe, likung'ute, uliache kwenye upepo nusu siku. WD-40, ile dawa ya kopo ya kupuliza, husaidia kufukuza maji yaliyobaki kwenye chuma, ila si kilainishi cha kudumu, na ikiingia kwenye beringi huondoa grisi iliyokuwemo. Baada yake lazima oili itiwe.

Beringi zizungushwe kwa kidole moja moja. Inayokwaruza ifunguliwe: nyanyua kifuniko chake cha mpira kwa ncha ya sindano, itikise ndani ya mafuta ya taa mpaka yatoke safi, ikauke, itiwe matone mawili ya oili ya cherehani, kifuniko kirudishwe. Petroli usitumie, huvimbisha mpira. Zenye kifuniko cha bati zikichakaa nunua za mpira za kipimo kilekile. Pima tundu la ndani, upana wa nje na unene, maana beringi ya 5 × 11 × 4 na ya 5 × 10 × 4 ukiziangalia kwa macho huwezi kuzitofautisha. Malori ya bei nafuu huwa na bushi za plastiki badala ya beringi, nazo hushika mchanga na kuitafuna ekseli vilevile gia ya nailoni inavyoitafuna pinioni. Hizo ndizo za kubadilishwa kwanza.

Kama lori lina klachi ya kuteleza, ile inayoachia kidogo gia zinapopata kishindo, kaza nati yake mpaka mwisho halafu irudishe nusu mzunguko, kisha jaribu. Ikiachwa imekazwa mpaka mwisho, kila kishindo cha kuruka tuta huenda kwenye meno.

Ombi langu ni kwa wenye maduka ya Malindi: leteni gia za nailoni, pinioni na beringi pamoja na malori mnayoyauza. Gia ni kitu cha bei ndogo, na kukosekana kwake kunalifanya lori zima kuwa takataka. Mzazi naye, kabla hajalipa, aulize kama vipuri hivyo vinapatikana, aombe lori lifunguliwe chini, na azungushe kila gurudumu kwa mkono akisikiliza.

Fundi wa magari ya rimoti,
Malindi