Barua kwa sahibu yangu aliyestaafu

Chumbageni, Tanga
3 Agosti 2025

Sahibu yangu mpendwa,

Ama baada ya salamu, natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya pamoja na shemeji, na kwamba lile goti limepunguza kukusumbua. Sisi huku hatujambo, ila upepo wa kusi unavuma kwa nguvu na samaki wamekuwa adimu, jambo ambalo siku hizi linanihusu kuliko zamani, kama utakavyoona mbele.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema nyumba imekwisha, pensheni inaingia kila mwezi, watoto wanajitegemea, presha imetulia, na bado unaamka saa kumi na moja alfajiri kama ulivyozoea, unaoga, unavaa shati lililopigwa pasi, kisha unakaa ukumbini ukiitazama saa ya ukutani. Nilipofika pale unaposema kwamba usiku wa tarehe 30 Juni hukupata usingizi, kwanza nilicheka, halafu nikanyamaza. Nakumbuka miaka yote uliyokuwa mhasibu wa halmashauri jinsi ulivyoulalamikia mwezi huo: kufunga hesabu za mwaka wa serikali, hati za malipo zisizo na viambatisho, wakuu wa idara wanaokumbuka matumizi yao saa tatu usiku. Uliniapia kwamba siku utakapostaafu, tarehe hiyo utapanda kitandani baada tu ya kula chakula cha jioni. Sasa raha hiyo umeipata, nayo ndiyo imekunyima usingizi.

Unaniuliza iweje mtu asiyepungukiwa na kitu akose furaha. Siwezi kukujibu kama mtaalamu, maana si mtaalamu, lakini naweza kukusimulia yaliyonipata mimi niliyekutangulia kustaafu kwa miaka mitatu, na ambaye kwa aibu sikukusimulia yote wakati ule.

Kiinua mgongo changu, kama ujuavyo, nilikiingiza kwenye kuku. Kideri kikapita, na katika muda wa juma moja nilikuwa nimewafukia karibu wote. Watu walinipa pole kwa hasara ile, nami nilizipokea, lakini ukweli ni kwamba kuku hawakuniuma sana. Kilichoniuma nilikigundua baadaye kidogo, asubuhi moja nilipokuwa nikirudi kutoka dukani na mkate, nikasikia kengele ya shule ikigongwa. Miguu yangu ilianza kukimbia kabla akili haijaizuia. Nikasimama katikati ya njia, mtu mzima na mkate wake, na ndipo nilipotambua kwamba kwa miaka zaidi ya 35 sikuwahi kuwa na asubuhi ambayo kuchelewa kwangu kusingeonekana na mtu. Watoto 60 wangejua, mwalimu mkuu angejua, daftari la mahudhurio lingejua. Sasa nilikuwa na uhuru wa kuchelewa popote, na hapakuwa na kiumbe ambaye angeuliza yuko wapi.

Tangu siku ile nimekuwa nikilitafakari neno hili tunalobandikwa. Kustaafu ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na katika asili yake ni kuomba kuachiliwa, kuomba udhuru. Tuliomba kweli, tena kwa barua rasmi, tukapewa. Ila hatukuuliza tulikuwa tukiachiliwa kutoka katika nini. Wewe ulidhani unaachiliwa kutoka katika hati za malipo, mimi kutoka katika vumbi la chaki, kumbe tulikuwa tukiachiliwa pia kutoka katika kusubiriwa.

Nilijaribu dawa zote unazozijaribu wewe sasa. Nilikaa barazani na wazee nikacheza bao hadi nikajua nani huiba kete na kwa mkono upi. Nilisoma magazeti mpaka matangazo ya minada. Nilikwenda hata kuitembelea shule, nikakaribishwa vizuri, nikapewa kiti na soda, kisha kila mtu akarudi darasani kwake nikabaki na ile soda. Sisemi kwamba raha ni kitu kibaya. Tumeifanyia kazi na tuna haki nayo. Lakini nimeona kwamba raha huchosha upesi, kwa sababu haikuhitaji. Kivuli cha mwembe hukufaa wewe, ila hakina habari kama umekuja au hukuja.

Sasa nikusimulie kilichotokea. Yuko mama mmoja, mchuuzi wa samaki, umri wake unazidi kidogo miaka 50, ambaye kwa muda mrefu amekuwa akituletea vibua na changu mlangoni. Siku hizi wateja wengi humlipa kwa simu, naye hakujua kusoma, kwa hiyo kila malipo yalipoingia alimpa kijana yeyote aliye karibu amsomee ujumbe. Siku moja mteja alimwonyesha ujumbe wa zamani wa shilingi 2,800, mama akachukulia kwamba ndio wa siku ile, akampimia samaki wa shilingi 28,000 bure. Alipokuja kwangu hakuja kulalamika. Aliweka beseni chini, akajifuta mikono, akasema, "Mwalimu, nataka kusoma meseji zangu mwenyewe." Nikamwambia aje kesho yake baada ya alasiri.

Kesho yake nilisahau. Nilikuwa nimelala, na nilipotoka nje nikakuta ameketi kwenye kizingiti, daftari jipya kalifunga ndani ya kanga lisiingie maji ya samaki. Akaniambia bila ukali wowote, "Nimekusubiri, Mwalimu." Nakuambia wewe peke yako: kabla sijaona haya kwa kuchelewa, nilijisikia furaha.

Penseli aliishika kama anavyoshika kisu cha kupara samaki, kwa ngumi nzima, na ukurasa wa kwanza wa daftari lile hadi leo una magamba yaliyokaukia pembeni mwake. Kujumlisha hakuhitaji kufundishwa. Kichwani mwake anafanya hesabu ya tenga zima la samaki kabla mimi sijatafuta kalamu. Alichokosa ni ule mchoro wa tarakimu. Basi niliacha vitabu vyangu vyote vya darasa la kwanza nikafundisha kwa kutumia ujumbe wa simu yake. Siku tulipoandika 2,800 na chini yake 28,000, alizitazama kwa muda mrefu, akagusa ile sifuri ya mwisho kwa kidole, akasema, "Kumbe hiki kiduara ndicho kilichobeba samaki wangu." Nimefundisha maelfu ya watoto thamani ya nafasi za tarakimu, sahibu yangu, na sikumbuki mwanafunzi aliyewahi kuieleza vizuri zaidi.

Hilo lilinirudisha mbali. Unakumbuka kwamba mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Nilikuwa na miaka minane, na kazi yangu ilikuwa kumbebea mama koroboi kwenda darasani jioni na kuhakikisha upepo hauizimi. Baba alikuwa kibarua katika mashamba ya mkonge, na barua zake zote mama alisomewa na jirani, ambaye kwa hiyo alijua mambo yetu kabla yetu. Mama alisoma mpaka akafanya mtihani wa taifa wa mwaka 1975. Hakuwahi kuniambia kwamba amepata furaha au kwamba maisha yake yamepata maana. Maneno ya namna hiyo hayakuwamo katika nyumba yetu. Nilichokiona ni kwamba barua ya baba ilipokuja aliipokea, akaingia chumbani, akafunga mlango. Wale waliopanga kisomo katika mikoa ya Kanda ya Ziwa walilielewa jambo hili, maana walitunga vitabu vya kujifunzia kusoma vinavyozungumzia pamba, migomba, uvuvi na mifugo, yaani kazi ambazo msomaji tayari anazo mikononi. Mtu hujifunza kwa ajili ya kitu kinachomngoja.

Yuko daktari mmoja wa maradhi ya akili niliyemsoma katika miaka hii ya upweke, Viktor Frankl, Myahudi wa Vienna aliyezaliwa mwaka 1905. Mwaka 1942 Wanazi, waliotawala Ujerumani wakati ule, walimpeleka kambi ya wafungwa ya Theresienstadt pamoja na mkewe na wazazi wake, na hadi alipokombolewa mwaka 1945 alikuwa amepitia kambi nne, mojawapo Auschwitz. Baba yake, mama yake, ndugu yake wa kiume na mkewe hawakurudi. Anasimulia habari za wafungwa wawili waliotaka kujiua, kila mmoja akisema hana tena cha kutarajia maishani. Alipozungumza nao iligundulika kwamba mmoja alikuwa na mtoto anayemngoja nchi ya mbali, na mwingine, mwanasayansi, alikuwa ameacha mfululizo wa vitabu ambao hakuna mtu mwingine angeweza kuumaliza. Frankl akaligeuza swali: badala ya kuuliza wao wanatarajia nini kutoka kwa maisha, waulize ni nini katika maisha kinachowatarajia wao. Hapo naomba nisieleweke vibaya. Waliokufa katika kambi zile waliuawa, hawakufa kwa kukosa kusudi, na Frankl mwenyewe alisema wazi kwamba wengi waliokuwa bora hawakurudi. Wala sithubutu kuufananisha ukumbi wako wenye feni na mahali pale. Lakini swali lile lililogeuzwa linanifaa hata mimi mwenye shida ndogo.

Linalingana pia na jinsi Kiswahili chetu kinavyolitumia neno kusudi. Siku hizi vijana husema wanatafuta kusudi la maisha, kana kwamba ni ufunguo ulioanguka mahali. Mama zetu walilitumia tulipovunja kikombe: "Umefanya kusudi!" Kwao kusudi lilikuwa ndani ya tendo, na hujui kama lipo mpaka mkono umenyooshwa. Mimi sikulipata kwa kukaa kulifikiria; nilikuwa nimelala usingizi, nalo likaja likaketi kizingitini.

Hata hivyo sitaki nikuuzie kitu bila kukuonyesha kasoro zake. Mama huyu asipokuja siku mbili, nakasirika kama mtoto. Samaki wakiadimika, nami napata wasiwasi ambao wakati wa kucheza bao sikuwa nao. Na kusudi linaweza pia kumla mtu: nilipokuwa kazini niliwajua watoto wa watu kuliko niliowazaa, na binti yangu mkubwa amenieleza hivyo, kwa adabu, lakini amenieleza. Kwa hiyo siamini kwamba mwenye kusudi ana furaha kila siku. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba ile hali yangu ya asubuhi, ya kuitazama saa, imekwisha, na kwamba furaha huja bila kuitwa, mara nyingi nikiwa nimeshughulika na jambo jingine, kama juzi nilipomwona mama akisoma ujumbe wake peke yake, akamwambia mteja kwa sauti ya juu, "Bado elfu moja, baba."

Na hapa ndipo nafika kwenye shida yangu, maana barua hii si ya mawaidha tu. Mama huyu ni mwanachama wa kikundi cha VICOBA, yaani cha kuweka akiba na kukopeshana, cha wanawake 22, wengi wao wachuuzi wa samaki na mama lishe. Wana sanduku lenye makufuli matatu, funguo zikishikwa na watu watatu tofauti, wananunua hisa kila juma na kukopeshana, na ni waaminifu kweli. Lakini vitabu vyao vimechanganyika. Tangu mwezi wa Ramadhani kuna upungufu wa shilingi 46,500 ambao hakuna anayeweza kusema umeingilia wapi, na wameanza kutazamana vibaya. Waliniomba niangalie kwa sababu ni mwalimu. Nimeangalia. Wewe unajua vizuri kuliko mtu yeyote uwezo wangu wa hesabu, kwa kuwa ndiwe uliyekuwa ukiniachia daftari lako nikopi kabla ya kipindi.

Nimekwisha kuwaambia kwamba nina rafiki Dar es Salaam aliyefunga hesabu za serikali kila tarehe 30 Juni kwa miaka 30, na hakuwahi kulala mpaka senti ya mwisho ionekane. Sikukuomba ruhusa kwanza, nisamehe. Wanakutana kila Jumamosi baada ya alasiri kwenye ua wa nyumba ya mwenyekiti wao, na basi la asubuhi litakufikisha hapa kabla ya adhuhuri ikiwa utapanda la kwanza. Chumba cha mbele ni chako, na mke wangu amekwisha kutoa shuka. Jana mama ameniuliza tena kama yule mhasibu amejibu, nikamwambia goti linamsumbua kidogo, akasema basi watamwekea kiti chenye mgongo.

Njoo na miwani yako ya kusomea, maana aliyeandika vitabu vya mwaka jana alitumia penseli, tena butu.

Wako wa siku zote,
Mwalimu