Wapagazi wa njia ya Ujiji na Tabora nao wakumbukwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo halijaniacha tangu Julai iliyopita, nilipomaliza safari ya baiskeli kutoka Ujiji hadi Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora. Njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo hadi Ziwa Tanganyika kwa mwendo wa takribani kilomita 1,200, inakumbukwa katika mikoa yetu miwili ya Kigoma na Tabora kwa sehemu mbili tu, nazo ni pale Ujiji, chini ya mwembe, ambapo Stanley alimkuta Dk. Livingstone Novemba 1871, na tembe la Kwihara ambamo wawili hao walikaa mwanzoni mwa 1872. Ni haki sehemu hizo zitunzwe. Lakini kati ya mwembe wa Ujiji na tembe la Kwihara kuna zaidi ya kilomita 400, na kwa siku tisa nilizokuwa njiani sikuona hata jiwe moja lenye maandishi ya kuwataja watu walioikanyaga njia hiyo wakiwa na mizigo begani, mwaka baada ya mwaka, hadi reli ilipofika Tabora 1912 na Kigoma 1914.

Mimi ni kitukuu wa mmoja wao. Babu wa baba yangu alizaliwa Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora, akaingia kwenye upagazi kabla ndevu hazijamwota, na katika safari yake ya mwisho alifika Ujiji na mzigo wa merikani, yaani kitambaa cha pamba, akiwa na homa kali, akauguzwa katika nyumba moja ya mji huo, akaoa humo humo na kwao hakurudi tena. Picha yake hatuna. Tulicho nacho ni kopo la maziwa ambalo bibi alituachia, na ndani yake mna ukufi mmoja wa sofi, zile shanga nyeupe zinazofanana na vipande vya mtemba uliovunjika, ambazo katika soko la Ujiji zilikuwa ndiyo fedha. Tunayo pia maneno ya babu yangu, kwamba bega la kushoto la baba yake lilikuwa na sugu nene kama kisigino, na kwamba yeye alipokuwa mtoto alikuwa akilifinya kwa kucha, mzee asihisi kitu.

Nilikusudia kuipita njia yake kwa kuirudia kinyume, kutoka alikoishia hadi alikotoka. Nilichagua baiskeli kwa sababu anayepita kwa gari haoni umbali wa kisima kimoja hadi kingine, wala hajui mlima unaanzia wapi, na hayo mawili ndiyo yaliyopanga maisha ya mpagazi. Nilipofika Uvinza, ambako chumvi imekuwa ikitolewa tangu zamani za misafara, nilinunua chumvi kilo 32, yaani frasila mbili, kwa kuwa huo ndio uliokuwa mzigo wa kawaida wa mtu mmoja, nikaufunga kwenye keria ya baiskeli yangu kwa mipira ya tyubu. Mpwa wangu, aliyenisindikiza kwa baiskeli ya pili, aliniuliza, "Mjomba, mzigo wote huu tunampelekea nani?" Nikamwambia tunaurudisha nyumbani.

Kuanzia hapo nilielewa mambo ambayo nilikuwa nimeyasikia tu. Kwenye mchanga baiskeli ilikataa kabisa, ikabidi niisukume, na kila nilipopanda kilima gurudumu la mbele lilitaka kuinuka kwa uzito wa nyuma. Nami mzigo wangu ulikuwa juu ya chuma na magurudumu mawili. Wao waliuweka begani, jua likiwa utosini, kwa posho ya kibaba cha nafaka kwa siku, wakimfuata kirangozi aliyetangulia na bendera. Pale ambapo maji yalikuwa mbali walilazimika kupiga tirikeza, yaani kuondoka tena mchana baada ya mwendo wa asubuhi, walale njiani pakavu ili kesho yake wayafikie maji mapema. Wengi walifuatana na wake zao, nao wakabeba vyungu, nafaka na watoto. Daraja la Kikwete la mto Malagarasi tulilivuka kwa dakika chache, bila kudaiwa senti. Misafara ilisimama kwenye mto huo huo ikingoja mitumbwi, na viongozi wake wakabishana kwa siku kadhaa na watawala wa Uvinza juu ya hongo, yaani ushuru wa kupita, ya vitambaa na shanga kabla mtu wa kwanza hajavushwa.

Baada ya Nguruka gurudumu langu la nyuma lilichomwa na mwiba, na fundi wa baiskeli wa kijiji tulichokifikia alikuwa akifanyia kazi yake juani, karibu na visiki vitatu vya miembe. Nilipomuuliza kwa nini hakai kivulini, alinionyesha visiki vile kwa bisibisi. Alisema miembe ilikatwa na mkandarasi aliyekuwa akitafuta mahali pa kuegesha mitambo yake, ikakatwa asubuhi moja, na kwamba hakuna aliyeitisha mkutano wala kuwauliza wazee. Nilipima kisiki kikubwa kwa pampu yangu. Upana wake ulizidi urefu wa pampu mara mbili. Mzee mmoja aliyekuja kutusalimu alitupeleka nyuma ya visiki hivyo, akatuonyesha bonde dogo lenye matete, akatueleza kwamba baba yake alimwambia misafara ilikuwa ikiteka maji hapo na kulala chini ya miembe hiyo. Nilikaa kwenye kisiki wakati fundi akibandika kiraka, nikawaza kwamba huenda babu yetu naye aliwahi kutua mzigo wake mahali pale pale.

Miembe mikubwa ya njia hii ndiyo maandishi pekee ambayo wapagazi wametuachia. Mwembe si mti wa porini kwetu. Ulikuja kutoka pwani, ukasambaa barani kwa kufuata misafara, na kila unapouona mwembe mkongwe umesimama peke yake mbali na nyumba za sasa, inafaa kuuliza nani alilala hapo. Sipingi barabara ya lami, wala reli ya kisasa inayojengwa kuja Kigoma. Tumeingojea na tunaihitaji. Ninachopinga ni kukata mti wa umri huo bila mtu kuuliza unasimamia nini, hali kuuzunguka kungechukua mita chache tu.

Kuna jambo jingine ambalo sitalificha, ingawa linaniuma. Njia hii ilikuwa pia njia ya watumwa. Watu waliotekwa ng'ambo ya ziwa waliletwa Ujiji, wakapitishwa hapa wakiwa na minyororo na makongwa shingoni, na pembe za ndovu zikaenda pamoja nao hadi pwani. Mpagazi Mnyamwezi alikuwa mtu huru aliyelipwa ujira, lakini alitembea katika misafara hiyo hiyo, na siwezi kuapa kwamba babu wa baba yangu hakuwahi kutembea nyuma ya watu waliofungwa. Kwa sababu hiyo hiyo naomba njia ielezwe yote. Tukiendelea kuwasimulia watoto wetu salamu za wazungu wawili chini ya mwembe, tutakuwa tumewanyima habari za mpagazi na za mtumwa kwa pamoja.

Hata habari za Livingstone mwenyewe hazikamiliki bila wabebaji. Alipofariki Mei 1873 katika nchi ambayo sasa ni Zambia, walioukausha mwili wake na kuubeba hadi Bagamoyo, ambako waliufikisha Februari 1874, ni watumishi wake Chuma, Susi na wenzao, nao walipita Kwihara Oktoba 1873. Mtoto wa shule wa Tabora anapaswa kuyajua majina hayo mawili kama anavyolijua la Stanley.

Tangu 2006 nchi yetu imeiweka njia hii katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, kwa vituo sita, ambavyo ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Msomaji ataona kwamba kutoka Kwihara hadi Ujiji hakuna kituo kingine hata kimoja, kana kwamba wasafiri waliruka angani. Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, tunao maofisa utamaduni katika kila halmashauri, na wazee wanaokumbuka walichoambiwa na baba zao bado wapo, ingawa si kwa muda mrefu. Naziomba halmashauri za Uvinza, Kaliua, Urambo na Uyui, pamoja na manispaa za Kigoma Ujiji na Tabora, ziagize kila serikali ya kijiji kilicho kwenye njia hii iorodheshe miembe mikongwe, visima na mahali pa kambi, na orodha hiyo iwe mezani kwa mkandarasi kabla hajawasha msumeno. Jiwe lenye maneno mawili, "Kambi ya wapagazi", halihitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Shule ya msingi iliyo jirani inaweza kulitunza.

Chumvi yetu tuliifikisha Kwihara jioni ya siku ya tisa. Tuliigawa kwa vibaba katika nyumba za ukoo wetu waliobaki Unyanyembe, watu ambao baadhi yao nilikuwa nawaona kwa mara ya kwanza, na bibi mmoja, aliyekuwa mkubwa kuliko wote pale, alipokea kibaba chake, akakiweka chini, akaniomba niiname alishike bega langu la kushoto.

Njiani niliandika katika daftari mahali pote tulipoonyeshwa na wazee, pamoja na jina la kijiji na mti uliopo au kisiki kilichobaki. Daftari hilo niko tayari kulinakili kwa halmashauri yoyote itakayolihitaji, na kama ofisa wake atapenda kupaona mwenyewe, nitamsindikiza kwa baiskeli kuanzia Ujiji, wakati wowote baada ya masika.

Kitukuu wa mpagazi,
Ujiji, Kigoma.