Kuhusu mdogo wako aliyetoka porini

Butembo, Jumapili jioni

Dada Furaha,

Barua yako nimeipata. Umeniuliza kama mmpokee nyumbani mdogo wako aliyetoka kwa wapiganaji wa msituni, au akae mbali kwanza, na swali hilo nimelala nalo siku tatu.

Unamkumbuka kijana niliyemchukua hapa karakanani? Aliingia Maimai, wale wanamgambo wa huku mashariki mwa Kongo, akiwa na miaka 14. Miezi ya mwanzo hakukaa mahali ambapo mlango uko nyuma yake. Randa aliikaba kama bunduki, mbao zikawa zinachanika. Nikawa namwambia, legeza mkono, mwanangu, legeza. Siku alipotoa ubao wa kwanza ulio laini, aliupapasa kwa kiganja, akaurudia tena na tena, hasemi neno.

Sasa, kuna mama hapa mtaani ambaye kundi la kijana huyu lilimchukulia mbuzi wake wote. Alikuja akaniuliza: "Yeye amepewa kazi. Mimi niliyeporwa nimepewa nini?" Nilikosa jibu. Katika mpango ule wa serikali wa 2004 wa kuwarudisha wapiganaji uraiani, aliyeweka silaha chini alipewa dola 110, kisha dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja, na kijiji alichokitesa kikabaki kutazama tu. Mpango wa 2021, huu wa P-DDRCS, yaani wa kupokonya silaha, kurudisha wapiganaji uraiani, kuinua jamii na kuleta utulivu, angalau umeitaja jamii ndani ya jina lake, na mimi hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Ila ile kambi ya jeshi ya Kotakoli siisahau. Mwaka 2013 walipelekwa huko watu waliokwisha kusalimisha bunduki, pamoja na wake na watoto wao, na zaidi ya 100 wakafa kwa njaa na maradhi. Aliyebaki msituni akisikia hayo, atatoka kwa imani gani?

Kwa hiyo mpokeeni, dada. Lakini asiingizwe usiku kama mwizi. Baba atangulie kwa majirani, awaambie mwenyewe, na wenye uchungu waachwe waseme. Karatasi yake ya kuweka silaha chini asitembee bila hiyo, vizuizi vya barabarani unavijua. Kazi aipate wiki ya kwanza, hata ya kubeba mchanga. Na yule binti aliyetoka naye akiwa na mtoto mgongoni, mumwite mkwe tangu siku hiyo.

Kijana wangu ameanza kumtengenezea yule mama kitanda. Mama hajasema kama atakipokea. Jana tu alimtuma mjukuu wake kuja kutazama miguu imefikia wapi.

Msalimie baba sana.

Kaka yako wa Butembo