Barua kwa Neema kuhusu safari ya Guatemala

Minnesota, 6 Aprili

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi isiyotaka kuondoka. Natumaini wewe na watoto hamjambo, na kwamba masika hayajaharibu sana barabara ya kupandia Kibosho. Siku ile uliniuliza wanafunzi wa Marekani wanakwenda Guatemala kufanya nini, simu ikakatika kabla sijakujibu. Nakuandikia sasa, tena kwa urefu, kwa sababu kundi litakalofika shuleni kwenu mwezi wa saba linatoka chuo hiki hiki, na wewe ndiye utakayekaa nao.

Tulikuwa wanafunzi wa afya ya jamii pamoja na mwalimu wetu. Tulifikia San Juan La Laguna, kando ya Ziwa Atitlán, ziwa lililozungukwa na milima ya volkano. Tulipangiwa kusaidia ujenzi wa majiko ya matofali yenye bamba la chuma juu na bomba la kutolea moshi, ili watu waache mafiga.

Lakini kwanza nikueleze mashamba. Neema, ungedhani umeingia kihambani kwa babu! Kahawa ya arabika chini ya migrivilea, migomba katikati, miparachichi pembeni. Ulikuwa msimu wa mavuno, na wachumaji walikuwa wamefunga vikapu kiunoni. Wanaume walishuka mlimani na magunia mgongoni, uzito wote ukishikwa na mkanda uliopita kwenye paji la uso. Kahawa ikishamenywa na kuoshwa huianika kwenye sakafu ya saruji, sisi tunavyoanika kwenye vichanja. Mkulima mmoja, mwanachama wa ushirika, aligeuza jani akanionyesha vumbi la rangi ya chungwa upande wa chini. Nililijua kabla hajafungua mdomo: kutu ya majani. Iliwapiga vibaya mno, hata mwaka 2013 serikali yao ikatangaza hali ya dharura. Nami nikamsimulia ugonjwa wa chulebuni unavyotuozeshea matunda ya kahawa, miche inayostahimili magonjwa kutoka TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungu, na KNCU, chama chetu cha ushirika cha Kilimanjaro kilichoanza 1933. Aliuliza bei anayopata mkulima wa kwetu, nikamuuliza ya kwao, tukasikitika pamoja. Tuliongea mpaka mkalimani akachoka. Katika safari nzima hakuna saa niliyoithamini kama ile, na haikuwa kwenye ratiba.

Kuhusu majiko, usije ukadhani ninayadharau. Moshi wa kuni unaua watoto. Utafiti uliofanyika mkoa wa San Marcos, huko huko Guatemala, mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kuwa nimonia kali ilipungua kwa watoto wa nyumba zilizopewa jiko la bomba. Nyumba ya kwanza tuliyoingia ilikuwa ya bibi mmoja anayezungumza Kitz'utujil tu, lugha ya Wamaya, wenyeji wa asili wa pale. Mjukuu wake alitafsiri kwa Kihispania, mwalimu wetu akatugeuzia kwa Kiingereza, nikamkumbuka bibi yangu akimsikiliza daktari mgeni kupitia kwangu. Swali lake lilikuwa moja: je, bamba hilo litatosha kuoka tortilla za familia nzima kwa mkupuo? Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria, na chakula chao chote kinategemea hizo chapati za mahindi. Fundi ndiye aliyemjibu, maana ni mtu wa hapo na anajenga majiko hayo mwaka mzima. Sisi tulibeba matofali na kukoroga udongo. Kisha picha zikapigwa, na zilipotumwa nyumbani maelezo yakasema wanafunzi wamejenga majiko. Fundi hakutajwa. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Siku nyingine tulivuka kwa boti hadi Santiago Atitlán. Ndani ya kanisa lao la zamani umehifadhiwa moyo wa Padre Stanley Rother, mtoto wa wakulima kutoka Oklahoma. Alifika 1968, akajifunza Kitz'utujil mpaka akakitumia kuendeshea misa, na akalima na waumini wake. Jina lake likaingia kwenye orodha ya wa kuuawa. Akaondoka kwa muda, kisha akarudi kwa watu wake. Aliuawa Julai 1981, na 2017 Kanisa likamtangaza mwenyeheri. Mwezi Desemba 1990, katika mji huo huo, askari walifyatulia risasi umati usio na silaha, na wananchi wakadai jeshi liondoke mpaka likaondoka. Nilisali pale kwa muda mrefu.

Jioni yake, kwenye kikao chetu, mwenzangu mmoja alisema watu hawa hawana kitu lakini wana furaha. Sikuweza kunyamaza. Nilisema wana mashamba, ushirika na lugha yao, na wana msiba pia: vita kuanzia 1960 hadi 1996, watu zaidi ya 200,000 waliouawa au kupotezwa, wengi wao Wamaya. Nikaongeza kwamba serikali iliyokuwa ikiwagawia wakulima ardhi ilipinduliwa 1954 kwa msaada wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Wengi hawakuwahi kusikia. Si vijana wabaya, Neema; walipandishwa ndege bila kufundishwa. Usiku ule wawili watatu walikuja kuniomba vitabu.

Ndiyo maana mwalimu ameniomba niwaandae hao wanaokuja kwenu. Naomba ukae na walimu wenzako mniambie ninyi mnataka nini. Kama ni tangi la maji, nitawaambia wachange na fundi wa hapo alipwe, wao wamsaidie. Wafike wanajua kuamkia wakubwa. Picha za watoto zisipigwe bila ruhusa ya wazazi. Na ukiweza, babu awapokee kihambani siku nzima, awaonyeshe mfereji, awaeleze bei za kahawa zilivyopanda na kushuka tangu ujana wake. Hilo msiliache.

Tutakutana nao mara ya kwanza katikati ya mwezi wa tano, kwa hiyo niandikie kabla ya hapo, hata kama mkuu wa shule hajaamua yote. Mpe mama shikamoo yangu.

Wako akupendaye,
Anna